Asilimia za Ukwaju

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Asila na kaka yake Ammar walitoka pamoja nyumbani kwao Mkunazini, na wote wawili waliaga kuwa wanakwenda chuoni. Asila, mwenye miaka kumi na miwili, alikwenda kusoma Kurani kwa Bi Thuwaiba. Ammar alishika njia ya chuo cha afya, ambako ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo ya ufamasia.

"Haya, wanachuo wangu," mama yao, Bi Jokha, aliwatania. "Mrudi na akili."

Siku moja Bi Thuwaiba alishikwa na homa, akawafungua wanafunzi mapema. Njiani Asila alimkuta Ammar amekaa barazani, mkoba miguuni, akitazama watu wakicheza dhumna.

"Kaka, mbona hukwenda chuo?"

"Wewe nawe! Huna kazi ila kuuliza?"

"Nnauliza kwa kuwa sijui."

Ammar alicheka kidogo, kisha akasema kweli. Wanafunzi wapya walipewa jaribio la hesabu. Walioanguka walipangiwa darasa la ziada kila jioni, na bila ya darasa hilo hawaruhusiwi kuingia maabara. Yeye alianguka, lakini hajahudhuria hata mara moja. Akikosa na kesho, nafasi yake ya maabara atapewa mwengine, na mwaka utampita.

"Wanafundisha asilimia," alisema. "Asilimia, Asila! Vitu vya darasa lako."

"Unazijua?"

"Nnazijua sana. Usimwambie mama."

Nyumbani, Mama alikuwa jikoni akikamua ukwaju. Asila hakusema kitu, lakini jambo moja lilimshangaza: kama Ammar anazijua asilimia, alianguka vipi? Akachukua jagi.

"Kaka, nimetia kikombe kimoja cha ukwaju na vinne vya maji. Ukwaju ni asilimia ngapi?"

"Moja kwa nne. Ishirini na tano."

Asila akachukua jagi la pili, akatia kikombe kimoja cha ukwaju na kimoja cha maji. "Na hii?"

"Moja kwa moja. Mia."

"Mia si ukwaju mtupu?" Asila aliuliza. "Na maji nimeyatia mwenyewe, umeniona."

Ammar aliyatazama majagi yote mawili. "Hii ni nusu," alisema polepole. "Hamsini. Nimegawa kwa maji peke yake, badala ya mchanganyiko wote. Na ile ya mwanzo ina vikombe vitano, basi ni ishirini. Kumbe hili ndilo lililoniangusha!"

Mama aliacha kukamua. "Limekuangusha wapi?"

Ammar alimtazama Asila. Asila alilitazama jagi. Hapo ikabidi Ammar aeleze yote.

"Ulipokuwa kwa Bi Thuwaiba ulirudishwa kusoma sura moja wiki nzima," Mama alisema, "na wadogo zako wakakupita. Mbona hukukimbilia barazani?"

"Kule kila mtu hurudishwa, mama."

"Na huko chuoni kwenu nani kakwambia kuwa mtu harudishwi?"

Kesho yake Ammar alikwenda darasa la ziada. Bi Thuwaiba alikuwa bado ana homa, basi Asila aliomba kumfuata, akaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa. Mwalimu Himid aliandika ubaoni swali la kuchanganya dawa na maji, kisha akauliza: "Nani aligawa kwa maji peke yake?"

Ammar akanyanyua mkono. Baada yake ukanyanyuka mwengine, na mwengine, mpaka zaidi ya nusu ya darasa ikawa na mikono juu. Asila alishangaa: wote hao walikuwa na kosa moja, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake.

"Vizuri," alisema Mwalimu Himid. "Dawa ya asilimia ishirini, nyinyi mngeiandika ishirini na tano, na mgonjwa angepata dawa pungufu. Kosa likisemwa hapa, tunalifuta ubaoni. Likifichwa, mgonjwa atalinywa. Kutojua si aibu, maana ndiyo sababu ya kuja chuoni. Lakini asiyesema kuwa hajui, hakuna awezaye kumfundisha."

Akamkabidhi Ammar chaki.