Jaketi la Kaari

Jua lilikuwa limeshaegemea mlima wakati Mwaniki alipokubali safari ya mwisho ya siku, na alikubali kwa sababu ya mdomo wa dadake. Kaari alikuwa kwenye kambi ya watalii, kazini kwa kaka yake, tangu asubuhi, anaosha makafi, anawachekea wageni, anangoja zamu yake ya kupanda boti ya mpira. Keshokutwa angerudi chuoni. Akamng'ang'ania kaka yake mpaka akachoka.

"Kaka, kila mtu wa Nairobi ameshuka huu mto. Mimi wa kwetu Mitunguu niuone kwa picha tu?"

"Mama alisema ufike nyumbani mapema."

"Mama ndiye amenituma nikuchunge."

Mwaniki akacheka. Ni nani angemkatalia Kaari? Baba yao alizikwa wakiwa wadogo, na Mama Jedidah alibaki na hao wawili, akawalea kwa migomba yake na jasho lake. Mwaniki alimpenda huyo msichana kuliko macho yake, japo hangekubali kulisema hilo mbele ya vijana wenzake.

Basi wakapanda. Wageni walikuwa wanne, wafanyakazi wa ofisi moja ya bima mjini Meru. Mkubwa wao alikuwa Regina, mama wa sauti ya amri. Msema ovyo wao alikuwa Mutugi, kijana ambaye tangu kambini alikuwa anauliza kama mamba wa mto huo wa Mutonga wanakula nyama ya watu wa bima. Boti ingeshuka na mto, igongane na mawe, irushwe na mikondo, kisha itulie kwenye ziwa refu la maji yaliyolala. Hapo angewapokea Mbaabu na mtumbwi wake wa gogo, awavushe kwa upondo kama wazee walivyovushana zamani, wapige picha, wapande kambini wanywe chai. Kazi rahisi. Mwaniki alikuwa ameifanya mpaka anaiota.

Sasa kuna jambo ulielewe, la sivyo hutaelewa lolote.

Kwenye miteremko ile watu hawahesabiwi. Watoto hawahesabiwi, mbuzi hawahesabiwi. Unawatazama, unajua wako wote, basi. Mwaniki mwenyewe alizabwa kofi na nyanyake siku alipowanyooshea kidole watoto wa shangazi, "Mmoja, wawili, watatu..." Nyanya alisema ukihesabu watu unawaonyesha nkoma, hao waliokufa na hawakutulia, kwamba hapa pana kitu cha kuchukua. Lakini meneja wa kambi alikuwa mtu wa kutoka mbali, na yeye alitaka hesabu baada ya kila mkondo mkali. Vijana wakakuna vichwa. Wakapata ujanja. Kila mgeni huvaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, si ndiyo? Basi wao wakahesabu majaketi. Meneja akaridhika, nyanya kaburini akaridhika. Walijisifu kwa akili hiyo kama sungura wa hadithini!

Kabla ya kusukuma boti, Mwaniki alimkaza Kaari mikanda ya jaketi.

"Unanibana, siwezi pumua."

"Afadhali ubanwe."

Alipogeuka kumsaidia Regina kuketi, Kaari alifungua kishikizo kimoja. Halafu kingine. Aliketi nyuma upande wa kushoto, karibu na kaka yake, na boti ikabonyea upande huo.

"Hizo chapati za chuo zinaonekana," Mwaniki akamtania.

"Piga kafi, wewe."

Walishuka vizuri. Walipiga kelele, wakalowa, Mutugi akaapa kuacha dhambi. Ulibaki mkondo wa mwisho, ule vijana waliouita Kinu kwa jinsi maji yanavyotwanga kati ya mawe mawili makubwa. Jua lilikuwa limeshazama. Mbingu ilikuwa bado na mwanga, lakini chini huku, kati ya kingo, kiza kilikuwa kimeanza kukaa.

"Shikeni kamba!"

Boti ikaingia Kinuni upande upande.

Ikasimama wima. Ikawamwaga wote.

Maji ya theluji ya mlimani, we! Yanakukaba roho kabla hujazama. Mwaniki aliibuka, akaidaka kamba, akajitupa ndani boti ilipolala tena. Akaanza kuvuta watu. Akamkamata Regina kwenye ukosi. Akamvuta Mutugi, aliyekuwa amepoteza kiatu na mzaha wote. Akawavuta wale wawili wengine, wanakohoa, wanalia. Tayari mkondo ulikuwa umewatema ziwani.

"Majaketi!" akafoka, akinyoosha kafi. "Moja. Mbili. Tatu. Nne..."

Macho yake yakafika nyuma, upande wa kushoto.

"Tano."

Lilikuwepo. Jaketi la chungwa, kofia ngumu imeshuka hadi kwenye nyusi, kichwa kimeinamia magoti. Moyo wa Mwaniki ukarudi mahali pake. Asante Mungu! Kwa ile furaha hakujiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza. Yeye hakumvuta. Ni nani basi aliyempandisha?

"Kaari, uko sawa?"

"Niko."

Sauti ilikuwa yake. Imekwaruzika kidogo, lakini hayo ni maji tu aliyoyameza.

Wakaanza kupiga makafi. Ziwa lilikuwa kimya. Kafi... maji. Kafi... maji. Kisha Mutugi akaanza kunusa huku na huku.

"Nani amezima moto hapa?" akanong'ona.

Mwaniki naye aliisikia. Harufu ya majivu. Majivu yaliyomwagiwa maji. Mtoni, katikati ya maji, mbali na jiko lolote.

Hapo ndipo wote waliposikia.

"Kakaaa..."

Ilitoka nyuma yao. Kule kwenye mawe ya Kinu.

Makafi yakasimama.

"Kakaaa! Mguu wangu... umenaswa! Kaka!"

Regina akaanza kukemea kwa jina la Yesu, lakini lile sauti lake la ofisini lilikuwa limekwisha, limebaki uzi tu. Na yule aliyeketi nyuma kushoto, bila kuinua kichwa, akasema polepole:

"Usiitike."

Mwaniki akageuka kumtazama.

"Nyanya alisemaje?" ile sauti ikaendelea. "Ukiitwa mtoni jioni, usiitike. Ni wao hao. Piga kafi, kaka."

Na ni kweli, nyanya alisema. Aliwaambia wawili hao tu, usiku wa mvua, wamejifunika blanketi moja. Ni nani mwingine angelijua neno lile ila Kaari?

"Dadako si huyu hapa?" Regina akamnong'oneza kwa hasira ya mtu mwenye hofu. "Tutoe hapa, Mwaniki. Tafadhali. Tutoe."

Majaketi yalikuwa matano. Sauti ilikuwa ya Kaari. Siri ilikuwa ya Kaari. Mwaniki alipiga kafi, kwa maana boti ya mpira hairudi juu dhidi ya mto, na kwa maana, tuseme ukweli, aliogopa. Lakini mikono ya mwongozaji ina akili yake. Boti ilikuwa inamvuta kulia. Alirekebisha. Ikavuta tena kulia. Alishusha mkono taratibu, akagusa mpira pale nyuma kushoto, karibu kabisa na paja la yule aliyeketi.

Ulikuwa mgumu. Umejaa. Haukubonyea hata kidogo.

Hakuna mtu aliyekuwa amekaa pale.

Mwaniki alirudisha mkono wake. Aliuma meno, akapiga kafi kuelekea ng'ambo, huku sauti ya kule maweni ikififia, ikiita, ikilia, ikinyamaza, ikiita tena. Kila alipovuta maji alihisi anaukata mwili wake mwenyewe.

Mbaabu alikuwa anawangoja ukingoni na mtumbwi. Wageni walishuka wakikimbia, wakapanda njia ya kambi bila picha wala kwaheri. Yule wa tano alishuka nyuma yao, akawafuata, miguu mitupu juu ya kokoto. Kokoto hazikulia.

Mwaniki aliurukia mtumbwi, akanyakua upondo.

"Unaenda wapi na giza hili?" Mbaabu akauliza. "Dada yako si huyo anapanda?"

"Usiniulize. Washa tochi, uniwekee hapo."

Akasukuma. Ile sauti ilikuwa imenyamaza sasa. Aliomba iite tena, na huku anaogopa itaita. Ukiitika, wazee walisema, umejitoa. Alifika katikati ya ziwa, peke yake, maji meusi pande zote, na mbele Kinu kinanguruma. Akafikiria uso wa mama yake. Akavuta pumzi.

"Kaari! Naitika! Mimi kaka yako naitika, niko hapa!"

Kinu kikaendelea kunguruma.

Kisha, chini kabisa, kama mtu anayeongea na jiwe: "Kaka..."

Alimkuta amejilaza juu ya mwamba, mguu umenaswa katika ufa, hana jaketi, meno yanagongana. Mwaniki aliingia majini hadi kifuani, akautoa ule mguu kwa kuuchubua, akambeba.

"Mbona uliniacha?" Kaari alilia. "Nilikupungia mkono. Uliniangalia! Ulikuwa unahesabu, macho yakanipita."

Alimlaza ndani ya mtumbwi, na mtumbwi ukazama, ukazama hadi maji yakakaribia kumwagika ndani. Mwaniki aliuona ule uzito, akaangua kilio na kicheko kwa pamoja.

Mbaabu alipomulika na kuona ni nani ameletwa, tochi ilimtoka mkononi. Walimpandisha Kaari kambini, wakamfunika blanketi. Kwenye kamba ya kuanikia kulikuwa na majaketi matano. Manne yalikuwa yanadondoka maji. La tano lilikuwa kavu.

Regina alikuwa tayari ndani ya gari na wenzake, injini inanguruma. Alishusha kioo kidogo tu.

"Yule msichana ametuambia anatangulia," alisema. "Anaenda kwa mama yake."

Kutoka pale hadi Mitunguu, hata kwa pikipiki ya mwendawazimu, ni mwendo. Mwaniki alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki. Ikalia mara moja tu.

"Mama..."

"Wewe Mwaniki, una akili kweli?" Mama Jedidah alikuwa amekasirika. "Unamwacha mtoto aje peke yake, hana hata sweta? Ameingia hapa anatetemeka. Nimemweka karibu na moto, namkorogea uji."

Kaari, aliyekuwa amesikia yote, alimpokonya simu.

"Mama, ni mimi. Niko na kaka, huku mtoni."

Kulisikika mwiko ukiwekwa chini. Kisha mama yao akanong'ona, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake tangu wazaliwe.

"Amesimama. Ananiangalia."

Simu ikakatika.

Jinsi Mwaniki alivyoendesha pikipiki usiku ule, Kaari akiwa nyuma yake, Mungu ndiye anajua. Walimkuta Mama Jedidah ameketi kigodani, mzima, kikombe cha uji mikononi, mlango wa nyuma uko wazi. Walimkumbatia. Alikuwa baridi.

"Ametoka," alisema. "Aliniuliza, 'Mama, unanifukuza?' Nikashindwa kumjibu. Alilia, wanangu. Alilia jinsi Kaari alivyokuwa akilia akiwa mdogo."

Kisha akamtazama Kaari. Alimtazama uso, akamtazama ule mguu unaotoka damu, akarudi usoni, akatazama tena. Hakuna mama anayepaswa kumtazama mwanawe hivyo. Kaari aliona, akaanza kulia.

Mama alimvuta Mwaniki kando, hadi kizingitini, mahali migomba inapoanzia.

"Yule aliijua sala ninayoomba nikipika," alinong'ona. "Una hakika huyu uliyemtoa kwenye mawe ndiye?"

Na kule migombani, si mbali, mtu alikuwa analia kwa kwikwi.

Mwaniki hakuwa amejiuliza hata mara moja. Sasa aliulizwa, na mama yake alikuwa anangoja, na nyuma yao Kaari alikuwa amekaa karibu na moto akisikia kila neno.

"Ndiye, Mama."

Mama Jedidah alifunga mlango, akashusha komeo.

Kaari alirudi chuoni mguu ulipopona. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na mama yake huongea naye vizuri, hucheka naye, humwombea mitihani. Wakishamaliza, Mama huiweka simu mezani. Huenda hadi mlango wa nyuma, huweka sikio kwenye ubao, na husimama hapo muda mrefu akisikiliza migomba.