Mstari wa Kumi na Nne

Jioni ile nilirudi kutoka kazini nimechoka hoi. Hata viatu sijavua, mama akaniambia, "Nifungulie ile orodha. Nataka nione kwa macho yangu."

Ilikuwa orodha ya abiria wa basi lililotumbukia mtoni. Kampuni ya basi iliiweka kwenye tovuti yake, nami nilikuwa nimeshaiona kazini. Jina la mdogo wangu lilikuwa mstari wa kumi na nne. Mbele yake, neno moja.

Amefariki.

Moyo wa mama ulikuwa mbovu. Daktari alishatuonya.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu, kwa hiyo jambo lenyewe halikunichukua hata dakika. Nilikaa mezani, nikafungua ukurasa, nikalifuta lile neno, nikaandika: Amejeruhiwa. Mabadiliko ya namna hiyo yanaonekana kwenye kompyuta yako tu. Kwingine kote ukurasa uko vilevile, na ukishaufunga, hata kwako neno la zamani linarudi.

Nikamwita mama. Akasoma akifuata kwa kidole. Akalia, kisha akaomba chai.

Ningemwambia ukweli kesho yake. Usiku ule sikuwa na nguvu. Nikauacha ukurasa wazi, maana nilijua ataomba kuuona tena. Akaomba kweli, asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya tatu, jua likizama, mlango ukagongwa.

Polepole... mara tatu.

Alikuwa mdogo wangu. Nguo zimemganda mwilini. Harufu ya tope iliingia ndani kabla yake. Mama alimrukia akamkumbatia, akawa anacheka huku analia. Yeye mikono yake ilining'inia tu. Alikuwa ananitazama mimi, juu ya bega la mama.

"Dada," akanong'ona. "Usiufunge."

"Nini?"

"Ule ukurasa... usiufunge."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Hakula. Hakulala. Alikaa kitini akitazama ukuta, na chini ya kiti maji hayakukauka. Nilipiga deki mpaka viganja vikachubuka. Kesho yake simu ikalia, mhudumu wa mochwari.

"Samahani, kuna ndugu yenu aliyekuja kumchukua marehemu? Droo yake ina maji matupu."

Nikamjibu sijui. Nikaichomeka kompyuta kwenye umeme, nikakaa nayo mapajani siku nne, nasinzia, nashtuka, naviogopa vidole vyangu mwenyewe.

Siku ya nne mama akaja akaketi karibu nami.

"Umekonda, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile nilipomkumbatia mlangoni, sikio langu lilikuwa kifuani pake. Kimya... Mwache akapumzike."

"Mama, moyo wako..."

"Moyo wangu niachie mwenyewe. Nilimsikia akikuambia usiufunge ule ukurasa. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nikamwonyesha. Akabonyeza.

Nyuma yetu kiti kikalia, kama mtu ameinuka.

Tulipogeuka, palikuwa na maji tu.

Tulimzika keshokutwa yake. Mochwari walisema wamemkuta kwenye droo ileile, na hawakutaka maswali. Makaburini mama alisimama imara mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyeshikwa mikono. Tuliporudi nyumbani nililala kama gogo, nikajua yameisha.

Wiki iliyofuata, jioni, mwanamke nisiyemfahamu akabisha hodi. Macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mume wake alikuwa kwenye basi lile lile, akasema. Mstari wa tisa.

"Nimeambiwa wewe unaweza kulibadilisha lile neno."

Jambo lile tulilijua mimi na mama tu.

"Nani amekuambia?"

Akageuka kutazama barabarani, kama anayehakikisha mwenzake bado yupo.

"Huyo kijana aliyenileta. Ameloa chapachapa, maskini... Anasema wewe ni dada yake."