Sekunde Tatu za Wivu

Kila siku masomo yakiisha, sisi wa timu ya mbio tulibadilisha nguo na kukimbilia uwanjani. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia. Wenzangu waliniita Kimbunga, na rekodi ya shule ya mita mia nane kwa wasichana ilikuwa yangu: dakika mbili na sekunde arobaini.

Kisha nikateguka kifundo cha mguu. Mwalimu wa michezo alinikataza kukimbia kwa wiki tatu.

"Ukikimbia, kila hatua mguu unabeba uzito wako mara mbili, hata mara tatu," alisema. "Huo wako kwa sasa hauwezi kubeba hata begi la shule."

Akanivisha shingoni saa ya kupimia mbio, nikawa mpima muda.

Wiki hiyohiyo akaja msichana mgeni, mwembamba mno, na siku ya pili tu alikuwa ameshapewa jina la Waya. Alikimbia mabega yamelegea, macho mbele, kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka. Alipovuka mstari nilibonyeza saa. Dakika mbili, sekunde thelathini na nane. Na wala hahemi!

Nilimwonea wivu. Mashindano ya shule zote yalikuwa mwezi uliofuata, na nafasi ya mita mia nane ilikuwa moja tu. Niliiona ikiondoka na miguu ya yule mgeni.

"Ngapi?" mwalimu aliuliza kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Mbili arobaini na moja!"

Sekunde tatu tu. Nani angejua? Kuanzia siku hiyo nilimwacha Waya avuke mstari, nikahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo nikabonyeza. Siku nilizomwonea wivu zaidi, nilihesabu hadi sita.

Waya akaanza kuja alfajiri, kabla hata ya wafagiaji, kufanya mazoezi peke yake. Siku moja alinifuata bombani.

"Kimbunga, wewe unazijua mbio. Hebu niambie, nakosea wapi?"

"Labda huna pumzi," nilimjibu, nikaendelea kunawa uso.

Hatimaye mwalimu alitazama daftari lake akatikisa kichwa. "Mtoto anafanya mazoezi mara mbili kwa siku na bado anarudi nyuma? Huyu anaumwa." Akalifuta jina la Waya kwenye orodha ya mashindano, akampeleka zahanati.

Nilitegemea kufurahi. Furaha yenyewe sikuiona.

Jioni ile mama, ambaye ni muuguzi katika zahanati hiyo, alirudi nyumbani, akavua viatu na kuketi.

"Leo nimempima mwenzako, yule mwembamba."

"Ana nini, mama?"

"Akitulia, moyo wake unapiga mara hamsini na nne kwa dakika. Wangu unapita sabini. Moyo wa mkimbiaji aliyezoea mazoezi una nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi, kwa hiyo hauna haja ya kuharakisha. Mapafu yake mazima, damu yake nzuri. Kila kitu cha mtoto yule nimekipima. Kilichobaki kupimwa ni saa."

Saa yenyewe ilikuwa bado shingoni mwangu. Nilikuwa nimesahau kuirudisha. Mama aliitazama, kisha akanitazama mimi, nami nikaangua kilio na kumweleza yote. Laiti angenifokea! Alisema kwa upole tu, "Alikuwa analia, mwanangu. Aliniuliza kama atakufa."

Kesho yake nilisimama mbele ya mwalimu na timu nzima nikasema nilichofanya. Waya alinikazia macho.

"Nilidhani nina ugonjwa wa moyo," alisema, akanipa mgongo.

"Atakimbia sasa hivi," mwalimu aliamua. "Na wewe ndiye utakayempima. Nitasimama hapa karibu nawe."

Waya alikimbia kwa hasira. Alipovuka mstari kidole changu hakikuchelewa. Nikasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Dakika mbili, sekunde thelathini na sita. Rekodi mpya ya shule." Mwalimu akafungua daftari na kurudisha jina la Waya mahali pake.

Nilipofika nyumbani, mama aliuliza, "Ngapi?"

"Mbili thelathini na sita."

"Na wivu umekwisha?"

"Bado, mama."

"Hauishi kwa siku moja. Hata mimi zahanati kuna mwenzangu ninayemwonea wivu. Lakini nikiandika joto la mgonjwa kwa kufuata wivu wangu, atapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Anayepima huandika kilichopo, si anachotamani. Kuona wivu kunampata kila mtu, mwanangu. Kosa lako ni kuuachia wivu ubonyeze saa."

Kisha akavuta kigoda karibu, akaanza kunifungua bendeji.

"Lete huo mguu niuone," alisema. "Una kazi ya sekunde nne."