Kilichoachwa Juu ya Jiwe

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na baruti ikipanda bara kwa njia hiyohiyo, nchi ya Ukwandi ilitawaliwa na mwanamke. Jina lake Mtemi Nyanzala, na watu wake walimpenda kwa kuwa hakuwa mwepesi wa kuua. Lakini majirani zake wa Usinga walikuwa na magobore, na yeye alikuwa na pinde, kwa hiyo yaliyotokea hayakumshangaza mtu. Mwishoni mwa kiangazi rugaruga, askari wa Usinga, vitambaa vyekundu vichwani na manyoya ya mbuni juu yake, waliichoma ikulu. Mtemi akatokea mlango wa uani pamoja na watu wachache, wakaingia pori la miyombo. Walikusudia kuuvuka mto Igumbe na kuomba hifadhi kwa wajomba zake wa Unyanda.

Katika watu hao alikuwamo Luhende, msasi wa ikulu, mtu mwembamba, mpole, mwenye kujivunia jambo moja tu maishani mwake. Nyama aliyoitengeneza yeye haikunuka. Alikuwamo pia mkewe Kalunde, mjamzito wa miezi mikubwa. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia kabla ya hii, na tangu hapo Luhende alikuwa haoni kijiti kimelala vibaya njiani bila kujiuliza kina maana gani kwa tumbo la mkewe.

Wakajificha katika korongo lenye chemchemi ili majeruhi wapumue. Hapo Mtemi akatoa amri. Mtu asipaze sauti. Moshi usionekane mchana. Na mnyama yeyote atakayechinjwa, matumbo yake yafukiwe chini na kuwekewa mawe.

"Watu wa Usinga ni wachungaji," Mtemi alisema. "Mchungaji akiona tumbusi wanazunguka angani, hana budi kwenda kutazama ng'ombe wa nani amekufa. Msiwape la kutazama."

Luhende akapiga makofi ya heshima, akiwa amepiga goti. "Nimesikia, Mtemi."

Asubuhi moja alitoka na upinde wake, akapanda ukingoni mwa korongo, akamvizia paa mmoja aliyekuwa akila matunda ya mwituni yaliyoanguka. Mshale ulipita nyuma ya bega. Paa akaruka mara mbili na kuanguka, na Luhende akamwahi, akamkata koo, akamlaza kichwa kikielekea mteremko ili damu ishuke.

Alimbeba hadi kwenye jiwe pana lililo bapa, akaanza kazi. Kisu chake kilikuwa kifupi kama kidole cha kati, kwa maana kisu kirefu katika mnyama mdogo ni balaa, ncha yake hufika mahali ambapo mkono haujakusudia. Kwanza alikata kuzunguka njia ya haja, akaivuta kidogo na kuifunga kwa uzi wa gome la myombo, kinyesi kisije kikaigusa nyama. Kisha akatoboa ngozi chini ya kifua, tundu dogo tu, akaingiza vidole viwili na kuiinua ngozi mbali na tumbo. Makali ya kisu aliyaelekeza juu, katikati ya vile vidole viwili, akashuka nayo polepole. Ngozi ikafunguka na tumbo halikupata hata mkwaruzo. Wasasi wengi hukosea hapo. Wana njaa, wana haraka, wanapasua kama wanaopasua kuni, na nyama yote inanuka majani yaliyotafunwa.

Alipofika kwenye nyonga, kisu kikasimama. Chini ya kibofu palikuwa na mfuko mwingine, mzito na wenye uvuguvugu. Luhende akajua kabla hajaufungua. Alikuwamo paa mdogo, amekamilika, kwato zake laini kama ukucha wa mtoto, macho amefumba.

Sasa, Wakwandi walikuwa na mwiko wao, na wasasi waliushika kuliko watu wote. Msasi aliyeua mnyama mwenye mimba haruhusiwi kukifukia kile kilichomo tumboni. Akikitia ardhini, atakuwa amemzika mtoto wake mwenyewe, na mkewe atazaa mfu. Hukiweka juu ya majani mabichi, pamoja na mfuko wake na matumbo ya mama yake, mahali peupe, pori lichukue kilicho chake.

Luhende alichuchumaa juu ya lile jiwe. Sauti ya Mtemi ilikuwa masikioni mwake, wazi kabisa. Hakusahau, na wala hakukosa kuelewa. Alifikiria mimba ile ya kwanza na ile ya pili, na jinsi Kalunde alivyolala siku nzima ameelekea ukutani. Akachuma majani, akayatandika juu ya jiwe, akamlaza yule mdogo juu yake na matumbo pembeni.

Kisha akaendelea kwa uangalifu uleule. Alikata nyongo bila kuipasua, akalikata koromeo juu kabisa na kuvuta moyo na mapafu kwa mkupuo mmoja, akaondoa tezi za chini ya macho, zenye harufu kali, akajifuta mikono kabla haijarudi kwenye nyama. Ndani akapangusa kwa nyasi kavu, si kwa maji, maana nyama iliyooshwa porini huoza upesi. Ilikuwa nyama safi kuliko zote alizowahi kutengeneza, na hakuna siku aliyoichukia kazi yake kama siku ile.

Watu walimshangilia alipoteremka korongoni. Lugeye, ndugu wa pekee wa Mtemi, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza, alimpiga begani. "Msasi wetu! Ukifa wewe, sisi tutakula viatu."

"Mna viatu gani nyinyi?" Luhende akajibu, na watu wakacheka.

Jua lilipopanda aliwaona. Kwanza mmoja, kisha kundi, wakizunguka juu ya ukingo kwa mabawa yaliyotulia. Angeweza kukimbia. Palikuwa na wakati wa kufika pale, kufukia, na kurudi. Lakini kufukia ndiko kulikokatazwa, na Kalunde alikuwa ameketi mbele yake akila ini lililookwa juu ya makaa, ameshika kiuno, anatabasamu. Luhende akajiambia kwamba ndege watamaliza upesi na kuondoka. Akageuza uso, akajifanya anakaza uzi wa upinde. Yaliyofuata yote yalianzia katika kule kugeuza uso.

Rugaruga walikuja alasiri, kutoka upande ule ule wa jiwe. Magobore yalinguruma korongoni hata mawe yakaporomoka. Lugeye akachukua mkuki na ngao ya ngozi ya nyati, akasimama kwenye njia nyembamba pamoja na vijana wachache, akipiga kelele za matusi na utani mchanganyiko, hadi Mtemi na wanawake walipotokea upande wa pili. Luhende alipiga mishale mpaka podo likabaki tupu. Alimwona Lugeye akipiga magoti na kuanguka, naye hakuweza kumfikia. Walioanguka korongoni siku ile walikuwa wengi, na hakuna aliyezikwa.

Katika kukimbia, mtu mmoja alitokea vichakani na kujiunga nao. Alikuwa Mayunga, mchota maji wa Mtemi. Alizaliwa Usinga, akatekwa mdogo, akakulia Ukwandi, na hakuna aliyemkumbusha asili yake mpaka siku ile. Mikono yake ilikuwa na damu iliyokauka hadi kwenye viwiko, na hakuwa na jeraha lolote.

"Ulikuwa wapi?" akaulizwa.

"Juu. Niliona ndege, nikapanda kutazama."

"Na damu hii?"

Mayunga alizitazama nyuso zilizomzunguka, akaona kwamba jibu limekwisha kupatikana. Watu wakapaza sauti: ni damu ya kuchanjana udugu! Amekula yamini na ndugu zake wa Usinga na kuwaonyesha njia! Wakamfunga mikono kwa kamba. Luhende alikuwa amesimama karibu yake vya kutosha kusikia harufu. Haikuwa damu ya mtu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyotafunwa, harufu ya tumbo la paa. Akarudi nyuma, akaenda kumshika mkono Kalunde.

Walifika mto Igumbe, wakapiga kambi kwenye matete. Wajumbe wakatumwa ng'ambo kwa wajomba wa Mtemi, na pamoja nao ulikwenda wimbo. Nkwabi, manju wa ikulu, alikuwa ametunga maombolezo ya Lugeye, na ndani yake alimtaja Mayunga mwenye mkono wa damu. Ulikuwa wimbo mzuri, wenye kumtoa mtu machozi. Wanawake waliushika siku ileile.

Kila uliposikika, Luhende aliondoka akaenda kukata matete. Alijiwekea ahadi. Kalunde akijifungua, nitasema. Kalunde akajifungua hapohapo kwenye matete, binti mwenye sauti kali, mzima kabisa. Luhende akampakata, akalia, watu wakadhani ni furaha. Akajiwekea ahadi nyingine. Kitovu kikidondoka, nitasema. Kitovu kikadondoka.

Ikatangazwa kwamba asubuhi Mayunga atahukumiwa, na kila mtu alijua hukumu yake ni mkuki. Jioni ile, jua bado liko juu ya matete, Luhende alimpelekea chakula. Akaketi mbele yake, akimlisha tonge kwa mkono kwa kuwa yeye alikuwa amefungwa.

"Ulikwenda kufukia," Luhende alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nimeshaanza kukusanya mawe," Mayunga akasema. "Niliwafukuza ndege, nikayashika kwa mikono hii. Nikamwona yule mdogo juu ya majani, nikaelewa. Kisha, nilipokuwa vichakani natafuta mawe mengine, nikasikia magobore."

"Kwa nini hukusema?"

Mayunga akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Mimi Msinga, wewe unawalisha. Ningekutaja, wangesema namsingizia mtu mwema nijiokoe. Nilikuwa nakungoja wewe, Luhende. Kila ukipita ulikuwa unanitazama. Nikasema moyoni, leo atasema. Leo atasema."

Luhende akamnyooshea tonge. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake, na Mayunga akageuza uso asiendelee kula.

Asubuhi, kabla mzee yeyote hajafungua kinywa, Luhende aliingia katikati ya baraza, akajitupa chini. Alisema yote. Alisema juu ya paa, jiwe, majani, na tumbusi aliowaona akageuza uso. Aliposema habari za mimba, akasikia sauti ya Kalunde nyuma yake, sauti ya mtu aliyechomwa mwiba. Kisha watu wale waliompenda wakaanza kusogea mbali naye.

Mtemi Nyanzala alikuwa amejifunga kaniki ya msiba.

"Mtoto wako ni mzima?"

"Mzima, Mtemi."

"Basi mwiko wenu umefanya kazi," alisema. "Mimi nilikuwa na ndugu mmoja tu." Akakaza kaniki yake. "Kuvunja amri yangu kwa hofu ya mtoto, hilo ningeweza kulibeba. Mimi pia ni mwanamke. Lakini umemwacha mtu huyu afungwe kama mbuzi, ukala nasi, ukalia nasi. Hilo sina pa kuliweka. Ondoka katika nchi yangu, popote nitakapokuwa nayo. Mfungueni Mayunga."

Kisha akamgeukia Nkwabi. "Na wewe, utoe jina lake katika wimbo."

Manju akakunja uso kwa huzuni. "Mtemi, nitalitoa kinywani mwangu. Lakini wajumbe walikwisha kuvuka nao. Wapiga makasia wanauimba. Siwezi kumfuata kila mtu."

Mayunga alisugua viganja vyake vilivyovimba, akapita mbele ya Luhende bila kumtukana wala kumsamehe. Alikwenda kusini. Inasemekana alibadili jina, maana kila mji aliofika, wimbo ulikuwa umemtangulia.

Mwaka uliofuata Mtemi Nyanzala alirudi na jeshi la wajomba zake, akaitwaa Ukwandi kwa vita vya siku moja, na ikulu ikajengwa upya kubwa kuliko ya kwanza. Ushindi huo unasimuliwa hata leo. Kufukuzwa kwa msasi hakusimuliwi, labda kwa kuwa hakuna aliyekitungia wimbo kisa hicho.

Luhende alihamia mbali, katika nchi asikomjua mtu. Kalunde alimfuata, na hakumuuliza chochote, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kuulizwa. Hakuwinda tena. Alilima mtama. Binti yao Nshoma akakua, mrefu, mwenye mikono ya nguvu na sauti ileile kali.

Siku moja Luhende alirudi kutoka shamba, akamkuta Nshoma kinuni pamoja na wasichana wa jirani, wakitwanga kwa zamu na kuimba:

*Mayunga, ee Mayunga, mkono una damu,*
*umetuuza korongoni kwa wenye baruti.*

Jembe lilimponyoka. Alingoja wale wengine waende zao, akamsogelea.

"Wimbo huo si wa kweli, mwanangu. Mayunga hakumuuza mtu."

Nshoma akashusha mchi, akajifuta jasho. "Kumbe! Basi nani, baba?"

Luhende alikuwa amelitaja jina lake mwenyewe mbele ya Mtemi na mbele ya mikuki, na sauti haikumkatika. Sasa alimtazama huyu binti, macho yake meupe, yasiyo na deni kwa mtu. Akijua nani, atauliza kwa nini. Na jibu la hiyo kwa nini lilikuwa limesimama pale mbele yake, limeshika mchi.

"Twanga, mwanangu," alisema. "Mama yako anasubiri unga."

Nshoma akainua mabega, akatwanga. Na kwa kuwa mchi hauendi vizuri bila wimbo, akauimba tena tangu mwanzo.