Kimya cha Wabwile

Siku ya soko Kitale watu hukanyagana, na Wabwile alimkanyaga Nyaguthii kidole mbele ya duka la mbegu ambamo binti huyo aliuza. Nyaguthii, gauni la manjano, mdomo mrefu, akamwambia ng'ombe hawaruhusiwi mjini. Wabwile akacheka, akaomba msamaha, akaomba na namba ya simu. Akapewa.

Yakawa mapenzi. Nyaguthii alipiga simu asubuhi na jioni, mpenzi huku, mpenzi kule. Wabwile, mkulima wa miwa, alisikiliza tu, kisha Jumamosi hufika na mkungu wa ndizi begani.

Agosti akampeleka kwao Kabuchai. Kuku akachinjwa, Nyaguthii akaachiwa kupakua. Kwa Wabukusu firigisi ni ya mwenye boma, hata mtoto anajua. Binti wa Kikuyu angejulia wapi, na hakuna aliyemwambia? Akaichagua kwa mapenzi yake yote, akamwekea Wabwile. Mzee Wekoye, baba yake Wabwile, akasukuma sahani akatoka nje. Wabwile akainamisha kichwa, kimya. Jamani, neno moja tu lilimshinda nini?

Stendi ya Bungoma, wakingoja gari la kumrudisha Kitale, Nyaguthii akalia bila kujificha.

"Si ungesema tu huyu ni mgeni? Anayenipenda hunitetea."

"Yule ni baba. Nikimjibu, nimekuharibia boma. Niachie hiyo maneno."

Akamwachia. Basi mazungumzo ya simu yakakoma. Nyaguthii alipiga simu zikaita bure, maana Wabwile aliona aibu kupokea akiwa hana jibu.

Januari akatokea dukani, suti ya kijivu, uso umemeremeta. Akaeleza haraka haraka: alikuwa ametuma mjomba, ametuma mchungaji, amemlimia mzee shamba zima. Sasa mzee amelainika, anakuja mwenyewe kuposa.

Nyaguthii akashika kaunta. Akamwambia kwamba watu wa kina Mbogo, mwanamume mwingine, walileta mbuzi wa posa Desemba, na yeye mwenyewe alikubali.

"Lakini nilikuwa nakupigania, Nyaguthii."

"Ningejuaje?"

"Kwangu kupenda ni kukuletea kitu kimekamilika. Sikutaka kukupigia mikono mitupu."

"Na kwangu kupenda ni hiyo simu. Ungeniambia 'bado' tu, ningengoja hata miaka mitano."

Mteja akaingia kuuliza mbolea. Nyaguthii akajipangusa macho, akampimia. Wabwile akasubiri hadi mteja alipoondoka, ndipo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamwambia anampenda.