Barua Iliyopelekwa Shangani

"Isihaka kapeleka barua Shangani."

Tabu alilisema neno hilo akikinga ndoo yake bombani Chuno, kama mtu anayesema jana mvua ilinyesha. Fauzia alikuwa nyuma yake. Ndoo ikamponyoka, ikabingirika mpaka mtaroni.

"Isihaka yupi?"

"Kwani wewe unawajua wangapi? Huyo huyo mpaka rangi, anayeandika vibao vya maduka. Kaingia kwa Waziri, karani wa ofisi ya mji, barua mkononi. Mariamu binti Waziri ndiye aliyeipokea mlangoni. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Labda katumwa."

"Katumwa, na kanzu imepigwa pasi, na kofia mpya? Haya shoga, okota ndoo yako, watu wanangoja maji."

Kwetu ukiambiwa fulani kapeleka barua nyumba fulani yenye binti, huulizi barua ya nini. Ni posa. Basi neno lile likamganda Fauzia. Akikuna nazi lipo, akifagia lipo, akitawadha lipo.

Maana Isihaka alikuwa amemwahidi yeye.

Tajiri mmoja wa vyerehani alikuwa amempa Isihaka kazi kubwa: kibao cha tangazo, kipana kama ukuta wa chumba, kisimame njia panda ya bandarini na Mikindani, wanaoshuka melini wakione. Lakini miaka ile ya hamsini mji wa Mtwara ulikuwa bado mpya, na wakubwa wake walitaka kila kitu kwa ruhusa. Isihaka akachimbia nguzo mbili, akaambiwa asitundike kitu mpaka ruhusa itoke.

"Ruhusa ikitoka nitalipwa," alimwambia Fauzia, "na kesho yake mjomba wangu anabisha hodi kwenu."

Tangu siku hiyo, kila akitoka Rahaleo kwa shangazi yake, Fauzia alizunguka njia ya mbali apate kuziona zile nguzo. Zilisimama kama mlango ambao nyumba yake haijajengwa. Aliziangalia, akauma pindo la kanga kama ilivyokuwa desturi yake akiwa na mawazo, akarudi. Kesho tena.

Sasa alikwenda na neno la Tabu kifuani. Akamkuta Isihaka mwenyewe, anasugua rangi vidoleni kwa mafuta ya taa.

"Hujambo, bibi pindo? Utaimaliza hiyo kanga, uje uvae upepo."

Fauzia hakucheka. "Nasikia umepeleka barua Shangani."

Uso wa Isihaka ukang'aa. "Kumbe habari zimeshakufikia! Nimepeleka."

"Kwa Waziri?"

"Kwake nyumbani. Mwenyewe aliniambia nije baada ya alasiri, tuzungumze kwa nafasi."

"Wakakupokea?"

"Wee! Chai ya maziwa, mkate wa kumimina. Mariamu kaleta kwa mikono yake."

"Imejibiwa?"

"Bado. Waziri hawezi kujibu peke yake, anamngoja mkubwa wake arudi kutoka Lindi. Lakini dalili ni njema."

"Hongera."

"Hongera yetu sote, Fauzia! Nikishajibiwa kule, nakuja kwenu papo hapo."

Kule kwanza, kwao baadaye. Kumbe yeye anawekwa wa pili, na anaambiwa kwa kicheko! Aligeuka, akaenda zake bila kuaga.

"Fauzia! Nimesema nini?"

Hakutazama nyuma. Na Isihaka naye, masikini, alidhani ni haya. Siku zile msichana akitajiwa posa yake hukimbia. Akabaki pale anatabasamu peke yake na nguzo zake.

Haukupita muda, ikaja barua kweli kweli, ya Selemani wa Mikindani, mnunuzi wa korosho aliyefiwa na mkewe. Mtu wa heshima, msikitini hakosi. Bi Somoe, mama yake Fauzia, akamfuata bintiye jikoni.

"Mwanangu, baba yako anataka neno lako. Tuijibu?"

"Ijibuni."

"Na yule mpaka rangi?"

"Kapeleka barua kwingine, mama."

"Umesikia kwa watu, au kakwambia mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

Bi Somoe akashusha pumzi. Hakuuliza tena. Mahari ikapokelewa, watu wakala, fatiha ikasomwa.

Ubani haujaisha kunukia ndani, hodi ikapigwa. Isihaka na mjomba wake Hassani. Isihaka alikuwa hatulii kwa furaha.

"Ruhusa imetoka, baba!" alisema kabla ya kukaa.

"Tumekuja na barua," mjomba Hassani akasema, "kwa ajili ya Fauzia."

Mzee Ismaili, baba yake Fauzia, akatikisa kichwa. "Mmechelewa, Hassani. Mahari ya watu imo ndani. Neno langu limetoka mbele ya wazee."

"Lakini Fauzia alijua nakuja!" Isihaka akasema. "Nilimwambia mwenyewe!"

Sauti ya Bi Somoe ikatoka nyuma ya pazia. "Si umepeleka barua kwa Waziri wewe? Kwa binti yake?"

"Kwa binti yake? Mama, ile barua ya kibao! Ya kuomba ruhusa. Nimeiandika kwa Kiswahili, mzungu wa ofisini anataka Kiingereza. Waziri akaniambia nimpelekee nyumbani, anigeuzie."

Nyuma ya pazia Fauzia alimshika mama yake mkono.

"Mama, sema na baba."

"Niseme nini, mwanangu? Selemani kakosa nini?"

Hakukosa kitu. Na Tabu naye hakusema uongo hata neno moja. Ndilo lililomuumiza zaidi Fauzia: hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Siku ya harusi bibi harusi alipandishwa lori la korosho lililofungwa makuti na vitambaa, kwenda Mikindani. Wanawake wakipiga vigelegele, Tabu yumo. Walipofika njia panda, dereva akapunguza mwendo.

Nguzo hazikuwa tupu tena. Juu yake palikuwa na mwanamke mkubwa wa kuchorwa, mwekundu na buluu, ameinamia cherehani, anashona. Pindo la kanga limo kinywani.

"Jamani!" Tabu akapiga kelele. "Fauzia, si wewe yule?"

Fauzia akainua ushungi, akatazama mpaka lori likapita.

"Siye," alijibu. Na pindo la kanga lilikuwa kinywani mwake.

Basi mabinti, na nyie mama zao, epukeni haya:

Kuambiwa "kapeleka barua" ukaacha kuuliza barua ya nini.

Kuuliza kwa kuzunguka, wakati mtu yuko mbele yako.

Kutoa hongera na huku moyo unaungua.

Kungoja ahadi inayongoja ofisi, bila mzee hata mmoja kuijua.

Kujibu posa kwa hasira.

Mama kushusha pumzi kabla hajamaliza kuuliza.

Na kupita njia panda ya bandarini, kama unayo njia nyingine ya kwenda kwenu.