Maji ya Jina la Chanda

KUHUSU UINGIZAJI WA SUFURIA MOJA, ILIYOKWISHA KUTUMIKA, KUTOKA KONGO YA WABELGIJI.

Karani wa boma la Nchelenge, upande wa Waingereza wa ziwa Mweru, alikiandika kichwa hicho, akakipigia mstari kwa rula, akakitazama kwa mapenzi, kisha akakosa la kuongeza. Ulikuwa mwaka wa 1956. Mbele ya meza yake walisimama vijana watatu wenye mashanta mgongoni: Sampa, Mpundu na Mwaba, wanagenzi wa karakana moja ya Elisabethville, waliopewa likizo wakaamua kuitumia kizungu, yaani kutembea kwa miguu mahali ambapo hakuna aliyewaita.

"Sufuria hii ni bidhaa au ni mzigo wa safari?" karani aliuliza.

"Ni ya kusongea bukari, bwana," Mpundu akajibu. "Tukupikie, uonje, halafu uandike."

Karani hakucheka. Serikali ya Malkia ilikuwa na sheria ya baruti na sheria ya ngozi za chui. Ya sufuria yenye masizi haikuwa nayo, na pengo hilo lilimuuma kama jino. Akawaambia wangoje nje.

Wakangoja. Sampa, mkubwa wao na msomaji wa kila karatasi iliyofungia karanga, alisema kwamba Mbelgiji hukutesa kwa mihuri na Mwingereza kwa benchi. Alikuwa na furaha. Ng'ambo ile ya ziwa kila kitu kilikuwa kigeni: noti, bendera, namna askari alivyosema "ngoja" kwa upole wa kutisha. Ni Sampa pia aliyeahidi. Siku waliyopanda lori, mama yake Mwaba alimfunga mwanawe kifungo cha shati kana kwamba anakwenda darasa la kwanza, akamgeukia Sampa: "Mutoto wangu ni huyu mumoja tu. Utanirudishia?" Sampa akasema, bon, mama, nitamrudisha.

Jua likapanda. "Niko na kiu, yaya," Mwaba akamwambia Sampa, kama anavyoitwa kaka mkubwa kwao, akaondoka kutafuta maji.

Nyuma ya vichanja vya samaki kulikuwa na nyumba ya udongo, na mlangoni pake kigoda, na juu ya kigoda kikombe cha bati kilichojaa maji, kimefunikwa kisahani. Watu walikuwa wameketi chini uani, kimya. Kwao Mwaba, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, kikombe kilichofunikwa mlangoni ni cha mpita njia: unakunywa, unashukuru, unakwenda zako. Wazazi wake walikuwa watu wa ziwa hili hili, ila walihamia migodini kabla hajazaliwa. Walibeba lugha, mengine wakayaacha. Akasalimu kwa adabu, akafunua kisahani, akanywa yote.

Sampa alifika mbio kumwambia kwamba sufuria imesamehewa, akamkuta amesimama na kikombe kitupu mkononi, na watu wote wamemkodolea macho. Mwanamke mmoja aliyefungwa kitambaa cha msiba alikuwa amejishika mdomo. Baadaye walimjua kwa jina la Mama Rosaria.

"Nimekosa nini?" Mwaba aliuliza.

Sampa akaomba radhi kwa niaba yake, akamvuta mkono. Walipoondoka, Sampa aligeuka kuomba radhi mara ya pili, ndipo akaona kitu kidogo. Nyuma yao, juu ya mchanga ambao ungeweza kukaanga yai, zilifuata nyayo mbichi za maji za mtu aliyetembea peku. Mwaba alikuwa amevaa viatu.

Kesho yake shati la Mwaba lilikuwa linachuruzika maji. Alilikamua, akalianika, akalivaa kavu, na kabla hajamaliza kufunga vifungo lilikuwa limelowa tena na kunuka tope la matete.

"Kamarade, wewe hujafika umri wa kukojolea mabegani," Mpundu akasema. Mwaba alitabasamu kidogo, kama mtu anayesikia mzaha kutoka chumba cha pili.

Walimpeleka sokoni wamchangamshe. Huko aliketi kando ya wavuvi, akavuta kwake wavu uliopasuka na kuanza kuufuma, yeye ambaye mikono yake haikuwahi kushika ila spana na tupa, akifunga vifundo haraka haraka bila kuvitazama, huku akiongea Kibemba cha visiwani na kuwauliza wavuvi habari za wake zao kwa majina. Na Sampa alipomwita Mwaba, akamwita tena, akamwita mara ya tatu akiwa amemshika bega lililokuwa baridi kama mtungi, yule kijana aliinua macho na kumuuliza kwa upole, kwa Kibemba, iwapo wanafahamiana.

Wavuvi waliacha nyavu zao wakaondoka mmoja mmoja.

Watu wa pwani wangesema ni jini. Pale Mweru walisema chibanda, tena kwa kunong'ona. Mganga aliitwa Eness. Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa, siku nyingine alifanya kazi iliyolisaidia kanisa lijae. Aliwapokea vijana wawili nyuma ya jiko lake.

"Yalikuwa maji ya jina," aliwaambia, sauti chini. "Chanda, mutoto wa Rosaria, alizama humu ziwani, karibu na kisiwa cha Kilwa. Hawakumupata. Mutu akikufa, mupwa wake anakunywa maji mbele ya ukoo, anabeba jina, roho inapata pa kukaa. Mupwa alikuwa nyuma ya nyumba wanamunyoa nywele. Mwenzenu akamutangulia."

"Hakujua, mama!" Sampa akasema.

"Najua hakujua. Mupwa ni damu yao, wangemutuliza Chanda ndani yake polepole. Mwenzenu ni nyumba isiyo na mulinzi. Chanda ameingia na vyombo vyote."

"Anaweza kutoka?"

Eness alichochea moto. "Iko mutu mumoja tu wa kumutoa. Mama yake amukatae. Aseme kwa kinywa chake: wewe si mwanangu, rudi ulikotoka."

Sampa alikwenda peke yake kwa Mama Rosaria. Alimkuta anachambua dagaa wasiohitaji kuchambuliwa.

"Mama, huyu ana mama yake. Anamungoja."

"Najua, baba. Tangu juzi namuwaza yule mama kuliko ninavyojiwaza mimi." Alipangusa mikono. "Nitasema."

Wakakusanyika uani kwake adhuhuri, jua limesimama wima, mbwa wamejibanza chini ya vichanja. Eness akamketisha kijana juu ya mkeka na kumwagia dawa kuzunguka miguu. Maji yalimtoka nyweleni, yakamtiririka shingoni, mkeka ukalowa. Mama Rosaria akapiga magoti mbele yake.

"Wewe," akaanza. "Wewe si..."

"Mayo," kijana akasema. Aliita mama kwa Kibemba, na haikuwa sauti ya Mwaba. "Asubuhi ile ulinikataza kuvuka, ukasema upepo ni mbaya. Nikakujibu ovyo mbele ya watu. Nilipokuwa kule chini nilikuwa natafuta njia ya kurudi nikuombe msamaha, na kuna giza, mayo, nilikuwa napapasa tu."

"Sema, Rosaria," Eness alinong'ona. "Sema upesi."

"Mama, nakuomba," Sampa akasema.

Mama Rosaria aligeuka akamtazama Sampa, na machoni mwake mlikuwa na huruma yote ambayo mtu anaweza kuwa nayo. Akafungua kinywa.

"Mayo," kijana akasema, akitetemeka katika jua lile. "Nasikia baridi."

Mama Rosaria akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunika.

Eness aliweka kibuyu cha dawa chini, akaenda kwake bila kumuaga mtu.

Boma lilimaliza shauri kwa furaha. Karani aliandika kwamba msafiri wa tatu amebaki kwa hiari yake, ni mwenye afya, na hana mzigo. Alipouliza iwapo wenzake wana pingamizi, Sampa alitafuta neno la kizungu la jambo lile, yeye na kusoma kwake kote, akalikosa.

Waliondoka kwa mtumbwi wa mzee mmoja aitwaye Mubanga. Ufukweni, mtu mwenye uso wa Mwaba alikuwa ameketi anafuma wavu, kitenge mabegani, na Mama Rosaria akimtolea miba samaki. Hakuinua kichwa. Shati lake, Sampa aliona, lilikuwa kavu.

Nchi kavu ilipoanza kupotea, kitu kikagonga chini ya mtumbwi, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayepiga hodi.

"Yaya Sampa."

"Usiitike," mzee Mubanga akasema, bila kuacha kupiga kasia. "Jina la yule limepanda, la huyu limeshuka. Ukiitika atashika mukono wako, na hataweza kuachilia hata akitaka."

"Yaya, niko hapa. Hapa chini. Juu ya sababu gani munaniacha?"

Mpundu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alijifunika shanta kichwani akalia; na sauti ikawafuata, mara upande huu mara upande ule, ikimtaja mama yake, ikitaja karakana na mtaa na kitanda chake kambini, ikiuliza kama wamekasirika kwa sababu ya maji yale, ikisema kwamba kama ni maji itayalipa, ikiomba wapunguze mwendo kidogo tu maana haoni vizuri, na Sampa akiwa ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili, meno yamezama katika mdomo wake mpaka damu, hadi karibu na upande wa Kongo, ambapo ilianza kuchoka kama mtoto anayechoka kukimbia nyuma ya lori.

Kambini Sampa alimwambia mama yake Mwaba kwamba mwanawe amepata kazi nzuri ya samaki kwa Waingereza, na kwamba ataandika. Kilichotokea ni hiki: Mwaba alimwita njia nzima, Sampa akamsikia kila mara, wala hakuitika.